Nistaafu mapema ili nilipe kausha damu?

Mshauri, salamu kutoka Kigoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nina miaka 56, mume na watoto wanne. Wawili wanajitegemea, mmoja yuko chuo, wa mwisho yuko kidato cha tatu. Nimeshafikisha miaka 31 kazini na mshahara wangu wa msingi sasa ni 1,200,000.

Mwanzoni mwa 2024 nilikopa benki kupitia mshahara. Mume wangu na mdogo wake walikuwa na mpango wa kununua kipe, yaani mitumbwi miwili, nyavu na injini, wavue dagaa Kibirizi. Giza mbili za kwanza, yaani vipindi viwili vya usiku usio na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa, zilikwenda vizuri. Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa, watu wasivue, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nasi hatukuwa na akiba hata kidogo. Wavuvi wanataka posho, nyumba inataka kula, ada imefika. Hapo ndipo nilipoingia kausha damu, hii mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Nilichukua 1,500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na dhamana ikawa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu hapo ni miezi 16. Kila mshahara ukiingia mkopeshaji anatoa 300,000 zake kwanza, halafu ananipa kadi nichukue kilichobaki na kuirudisha. Deni linabaki palepale, 1,500,000.

Ziwa lilipofunguliwa hatukuweza kusimama tena. Nyavu zilikuwa zimechakaa na shemeji alitaka matengenezo. Mapema mwaka huu nikachukua 700,000 kwa mtu wa pili, riba asilimia 30. Nililipa riba miezi mitano, kila mwezi 210,000, nikashindwa. Sasa amepiga hesabu za faini anasema anadai 1,900,000. Hizo riba nilizomlipa nilizitoa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambako nadaiwa 1,200,000. Tena kuna mkopo wa kwenye simu wa 350,000, hao wameanza kuwatumia ujumbe watu wangu, hata mwalimu mkuu alipata. Benki bado 9,400,000, wanakata 420,000 kwa mwezi, imebaki miezi 26.

Baada ya makato yote mkononi inaingia 490,000. Mwenye kadi akishachukua zake nabaki na 190,000. Mume wangu anajua mkopo wa benki tu.

Presha yangu imepanda. Mwezi uliopita yule wa pili alikuja hadi getini kwa shule akisema kwa sauti kubwa. Nimeandika barua ya kustaafu kwa hiari, ipo kwenye mkoba, sijaipeleka. Nikistaafu nitapata mafao yangu, nitalipa wote niwe huru. Shemeji amesikia nafikiria kustaafu, anasema kitakachobaki tununue injini mpya na nyavu, kwa sababu dagaa sasa wana bei. Wenzangu ofisini wamegawanyika. Wengine wanasema chukua chako mapema, kikokotoo, ile hesabu ya mafao, kinabadilika kila siku. Naomba unieleze bila kunificha: nipeleke barua hii?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

*

Mwalimu, pole sana. Umebeba mzigo huu peke yako miezi mingi, na umebeba huku unaingia darasani kila asubuhi. Umeomba nisikufiche, kwa hiyo naanza na jibu: barua hiyo usiipeleke. Sasa nikueleze kwa nini, na nini ufanye badala yake, kwa sababu kukuambia usistaafu bila kukuonyesha njia ya kutoka kwa hao watu kungekuwa kukuacha palepale.

Tuanze na hesabu ya kinachouzwa na bei yake. Kwa mtumishi kama wewe, uliyeanza kuchangia kabla mifuko haijaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na ambaye mkupuo wake, yaani fedha inayolipwa mara moja ukistaafu, ulikuwa wa asilimia 50 kabla ya kushushwa hadi 33 mwaka 2022, bajeti ya 2024 iliupandisha mkupuo hadi asilimia 40. Asilimia 60 inayobaki ndiyo pensheni ya kila mwezi. Kanuni yenyewe ni hii: miezi uliyochangia gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Hapo unapata pensheni yako kamili ya mwaka. Mkupuo ni asilimia 40 ya hiyo mara 12.5.

Miaka 31 ni miezi 372. Nimechukulia wastani wako wa miaka mitatu ni 1,150,000 kwa mwezi, maana mshahara wa sasa haukuwa huu miaka mitatu yote. Ukistaafu leo, mkupuo unakuja karibu milioni 44.2 na pensheni ya mwezi karibu 442,000. Ukibaki hadi miaka 60 bila kupandishwa hata daraja moja, miezi inakuwa 420, wastani 1,200,000, mkupuo karibu milioni 52.1 na pensheni 521,000. Ofisi ya PSSSF ya mkoa itakupa tarakimu kamili kwa kumbukumbu zako. Kabla hujaenda, ingia PSSSF Kiganjani uone kama michango yako ya miaka yote imo, kwa sababu mwalimu aliyehamishwa hapa na pale huweza kukuta miezi imeruka, na ni heri kuidai ukiwa bado kazini.

Tofauti ya mkupuo ni karibu milioni nane. Tofauti ya pensheni ni karibu 79,000 kila mwezi, maisha yako yote. Na bado hatujagusa mshahara. Ukitoa kodi, PSSSF, bima na chama, mshahara wako kabla ya mkopo wa benki ni karibu 910,000. Pensheni ya leo ni 442,000. Kwa miezi 48 iliyobaki hadi miaka 60 unapoteza zaidi ya milioni 22. Jumlisha na ile nane. Barua iliyo mkobani ina gharama ya milioni 30 na pensheni pungufu hadi mwisho wa uhai wako.

Sasa deni. Benki inakatwa kwa utaratibu na itaisha yenyewe katika miezi 26 ukiwa bado kazini. Hilo si deni linalokupandisha presha. Wanaokunyima usingizi ni wanne: mwenye kadi 1,500,000, yule wa getini 1,900,000, VICOBA 1,200,000, simu 350,000. Jumla 4,950,000. Mwalimu, unataka kutoa milioni 30 ili uzime moto wa milioni tano.

Najua mwenzako mmoja ofisini atasema fedha ikija mapema inaweza kuwekwa izae. Ni kweli, na sitaki kuidharau hoja hiyo. Ukishalipa benki na hao wanne utabaki na kama milioni 29.8. Hata ukiiweka mahali pakazaa asilimia 12 kwa mwaka, miaka minne ingekupa kama milioni 14, au 17 ukiacha faida nayo izae. Bado haifiki 30. Tena huko siko inakokwenda, umeniandikia mwenyewe kwamba shemeji anaihesabia injini.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kwenye barua yako na lilinishtua zaidi ya riba. Mkupuo wa PSSSF unaingia kwenye akaunti ya benki. Ukiacha mambo kama yalivyo, utaingia kwenye akaunti ileile ambayo kadi yake na namba yake ya siri viko mfukoni mwa mtu mwingine. Mtu aliyekwisha kuchukua 4,800,000 kwa mkopo wa 1,500,000 atakuwa wa kwanza kujua kwamba kiinua mgongo chako kimefika.

Kwa hiyo kadi ndiyo mwanzo wa kila kitu. Nenda tawini kwako na kitambulisho chako, kabla ya tarehe ya mshahara, useme kadi haiko mikononi mwako na namba ya siri inajulikana na mtu mwingine. Waifunge, wakupe mpya na namba mpya. Kama namba ya siri ya huduma ya benki kwenye simu nayo anaijua, ibadilishe hapohapo kaunta. Kadi ni mali ya benki, hukuwa na haki ya kuiweka rehani na yeye hana haki ya kuishika. Usimpigie simu mwenye kuishika kumwarifu kabla hujapata mpya. Ukishamaliza benki, ndipo umwandikie.

Utamwandikia nini? Huku si kumkimbia. Tanzania tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga hesabu nami: 1,500,000 kwa asilimia 3.5 kwa miezi 16 ni riba ya 840,000. Mkopo na riba yake halali ni 2,340,000. Ameshachukua 4,800,000. Yule wa pili: 700,000 kwa miezi kumi ni riba ya 245,000, jumla 945,000, nawe umeshampa 1,050,000. Kwa kipimo cha sheria hao wawili wameshalipwa, na wa kwanza amelipwa mara mbili na ushee.

Barua yako kwao iwe fupi. Andika kiasi ulichokopa, tarehe, kila ulichorejesha, kisha omba nakala ya leseni yao, nakala ya mkataba na taarifa ya deni. Kutoka benki omba taarifa ya akaunti ya miezi hiyo yote, maana inaonyesha 300,000 zikitolewa mwezi baada ya mwezi, nyingine huenda siku moja na saa moja. Huo ni ushahidi ambao hakuna mtu anayeweza kuukana. Usipeleke barua hizo peke yako. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, ambao kwa sheria ya mwaka 2017 kazi yao ni kuwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Wao wasome hesabu hii kwanza, maana wataona mkataba ambao mimi sijauona. Na malalamiko kuhusu mkopeshaji wa namna hii hupokelewa na Benki Kuu yenyewe.

Mara nyingi mambo haya huishia mezani. Mkopeshaji asiye na leseni hapendi kuitwa kueleza biashara yake, na mwenye leseni hapendi kuipoteza. Ikiwa watataka kitu kidogo ili mfunge jalada, kubali tu kwa maandishi yanayosema deni limekwisha, yakasainiwa mbele ya shahidi. Akija tena getini, usibishane naye mbele ya watoto. Mwambie mwalimu mkuu leo, kabla hajaja, kwamba kuna mtu anakudai na suala liko kwa wasaidizi wa kisheria. Ameshapata ujumbe wa simu, kwa hiyo anajua nusu. Nusu iliyobaki ni bora aisikie kwako. Vitisho na kelele kazini ni suala la polisi.

Wale wa kwenye simu nao nitawasemea kidogo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Angalia kama yako imo. Na kuwatumia marafiki zako ujumbe wa kukuaibisha kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Piga picha kila ujumbe uuhifadhi. Kisha iondolee programu ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako.

VICOBA ni tofauti kabisa, na hapa nitakuwa mkali. Hao ni kina mama wenzako, fedha hiyo ni akiba zao, na riba yake inarudi kwenye mgao wenu. Hao walipwe wote na walipwe kwanza. Nenda kwa mwenyekiti na katibu kabla ya kikao, waambie hali yako, omba marejesho ya kila mwezi unayoweza kuyabeba kweli. Uliza pia kama hisa zako zinaweza kupunguza deni. Siku utakapostaafu, hao ndio watakaokuwa wanakuja kukutazama ukiumwa.

Fedha itoke wapi? Kadi ikirudi mkononi mwako, 300,000 zilizokuwa zinakwenda kwa mtu mmoja zinarudi nyumbani mwezi huohuo. Tenga 200,000 VICOBA, na ndani ya nusu mwaka 1,200,000 imekwisha. Zinazobaki zipunguze mkopo wa simu, kwa kiasi ulichokopa na si faini walizobandika. Benki nayo unaweza kuiomba ikuongezee muda wa kulipa bila kukuongezea mkopo: ukitoka miezi 26 hadi kama 44, rejesho linaweza kushuka kutoka 420,000 hadi karibu 280,000, kutegemea riba yao. Utalipa riba zaidi kwa jumla, zaidi ya milioni moja, kwa hiyo fanya hivyo ikiwa tu baada ya kupata kadi bado huwezi kula na kumlipia mtoto ada. Wakikushawishi uchukue mkopo mpya juu ya huu, kataa. Kisheria mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwako ni 400,000, na uko karibu na ukingo huo.

Halafu kuna injini na mitumbwi. Ulivinunua wewe kwa makato ya mshahara wako, na kwenye barua nzima sijaona hata shilingi iliyorudi tangu ziwa lifunguliwe. Viuzwe. Kibirizi na Katonga hakukosi mtu anayetafuta injini iliyotumika. Kufunga ziwa kulifanywa ili samaki wazaliane, na nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kuhusu mapumziko hayo, kwa hiyo anayeingia kwenye dagaa sasa lazima aweke akilini miezi ya kukaa bila kuvua, na tena siku za mbalamwezi kila mwezi. Biashara hiyo ina watu wanaoiweza, wenye akiba ya kuvuka miezi mitatu. Nyumba yako haina akiba ya wiki tatu. Shemeji yako mjibu kwa upole na kwa neno moja: hapana. Kama dagaa wana bei kama asemavyo, atafute mwenye mtaji washirikiane.

Lakini hutaweza kuuza injini ambayo mume wako anaamini iko salama, na hutaweza kumkatalia mdogo wake huku mume hajui kwa nini. Hapa ndipo naona ugumu wako ulipo, zaidi ya kwa wakopeshaji. Mwambie. Usimwambie usiku mkiwa mmechoka, wala mbele ya watoto. Mwonyeshe karatasi yenye madeni yote manne, na karatasi ya pili yenye hesabu ya mafao niliyokuwekea hapa. Ulikopa kulisha nyumba wakati ziwa limefungwa, hukukopa kwa starehe, na yeye alikula chakula hicho. Akikasirika, akasirike. Ukiona hutaweza peke yako, mwite dada yake mkubwa au mzee anayemheshimu akae nanyi. Nimesoma barua nyingi za aina hii, na zinazonisikitisha ni zile ambazo mume au mke alijua baada ya mafao kwisha.

Kuhusu kikokotoo kubadilika: wenzako wana haki ya kuwa na hofu, mabadiliko ya 2018 na 2022 yaliwatia watu wasiwasi. Lakini badiliko la mwisho lilikwenda upande wenu, na kukimbia leo kwa kuogopa kesho kunakupunguzia kwa hakika kile unachoogopa kupunguziwa kwa kubahatisha.

Ningekujibu tofauti kama ungekuwa na miaka 59 na miezi, au kama afya ingekuwa haikuruhusu kusimama darasani. Ukiwa na ugonjwa unaokuzuia kazi, kuna utaratibu wake wa bodi ya madaktari, si barua ya hiari. Kwa hiyo presha hiyo ipimwe Hospitali ya Maweni wiki hii, bima yako unaikatwa kila mwezi, itumie.

Mpangilio wangu ni huu: benki kabla ya mshahara ujao, mume jioni ya siku hiyohiyo, maendeleo ya jamii kesho yake, VICOBA kabla ya kikao. Barua za wakopeshaji ziandikwe baada ya wasaidizi wa kisheria kuziona. Ukishapata taarifa ya akaunti na majibu ya leseni zao, niandikie tena unieleze wamesema nini, tuangalie pamoja kinachofuata.